Mwali Hatolewi Mchana

Jumatano, 11 Septemba
Leo Maua kaanza mtihani wa kumaliza darasa la saba. Nimemfungia vitumbua viwili kwenye karatasi. Daftari hili ni lake la Sayansi, kurasa za nyuma ziko tupu, nimeona nisizitupe. Mimi shule niliishia la nne lakini mkono haujasahau.

12 Septemba
Kamaliza mtihani. Hakuanguka. Nilikaa karibu na geti la shule kama mtu anayesubiri gari, maana mwalimu mkuu hapendi wazazi ndani.

14 Septemba
Kaanguka. Uani, anaosha vyombo. Meno kayauma, macho juu, povu. Hii si mara ya kwanza tangu mfungo wa Ramadhani. Majirani wa mtaa wetu wa Picha ya Ndege wamejaa, kila mmoja na lake. Mmoja anasema kitunguu puani, mwingine anasema kiatu. Nikamlaza ubavu nikamshika kichwa mpaka kikapita. Alipoamka kauliza, "Nimevunja sahani?" Nikamwambia hapana. Alikuwa kavunja mbili.

Jumatatu, 16 Septemba
Tumeenda kliniki. Foleni imetoka mpaka nje kwenye jua. Dokta kijana, mpole, ila ana watu wengi. Kasema ni kifafa, si jini wala si kurogwa. Kampa vidonge, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Maneno niliyoyashika ni haya: "Mama, dawa hii haikatishwi. Ukikatisha, ugonjwa unarudi na hasira." Nimeyarudia njia nzima ya kurudi nyumbani.

18 Septemba
Mama mkwe, Bi Mwanahalima, kapiga simu kutoka Vihingo. Anamtaka mjukuu wake awekwe ndani sasa hivi, maana ungo kavunja mwezi wa nane na Januari anaanza kidato cha kwanza. "Akishavaa sketi ya sekondari hamtampata tena," kasema. Mume wangu Mwishehe yeye ni fundi wa marumaru, anaondoka alfajiri anarudi usiku, kasema mama kasema, basi. Mimi nikauliza kuhusu dawa. Mama mkwe akasema kwenye simu, "Mama Maua, kaka yangu Mashaka alikuwa na ugonjwa huo huo. Alijiona kapona, akaacha dawa. Kaangukia jikoni, kwenye mafiga yenye moto, peke yake. Mimi ndiye niliyemtoa. Kwangu mtoto hatakosa dawa."
Nikatulia moyo.

Jumapili, 22 Septemba
Tumefika Vihingo. Maua kaingizwa ndani na wifi yangu Hamisa, dada wa mume wangu. Ndiye somo wake. Chumba ni kile cha nyuma, dirisha limezibwa kwa kanga mbili na gunia, mlangoni pazia. Kafunikwa kaniki, kainama, hakunitazama. Ndivyo inavyotakiwa.
Kwetu Mlandizi mama anaingia kwa mwali, anatoka. Kwa hawa, mama mzazi haingii mpaka siku ya kutolewa. Wanasema mama ana huruma, na huruma inamharibu mwali. Kuoga, kula, kufundwa, yote ni ya somo. Nimempa Hamisa pakiti ya vidonge mkononi nikamwambia asubuhi na jioni. Akasema, "Wifi, nimelea wali wangapi mimi? Kaa uokote korosho zako."

25 Septemba
Nimetwanga, nimepika, nimefua.

29 Septemba
Nasikia Hamisa anamwimbia ndani. Ana sauti nzuri, mimi sina. Nimekaa nimeegemea ukuta wa nje nachambua mchicha, na ukuta ule ndio wa chumba chao. Hakuna aliyenikataza ukuta.

3 Oktoba
Korosho za kwanza zimeanza kudondoka. Wanasema mwaka huu mikorosho imebeba. Mvua bado. Maua hajaanguka tangu aanze dawa. Hamisa anahesabu hilo kama lake na mimi nimemwachia.

8 Oktoba
Maua ana homa. Hamisa kampa panadol. Mama mkwe kasema mwali huota joto, chumba kimezibwa. Nikasema kuna malaria pia. Akasema, "Haya, mletee mtu wa kupima." Kijana wa duka la dawa kaja na kipimo, damu kaichukulia mlangoni kwenye pazia, kidole tu kimetoka. Hakuna malaria. Nimekitazama kile kidole, chembamba kilekile.

Alhamisi, 10 Oktoba
Vipele vimetoka. Hamisa kasema vimeanzia kifuani, vyekundu, kama vya surua. Nilikuwa nachambua korosho, nikaziacha.
"Niingie nimuone."
Mama mkwe kaniuliza, "Una macho ya kuponya?"
"Sina, mama."
"Basi kaa. Dawa inaufukuza ugonjwa, nao unatokea kwenye ngozi. Ulikuwa umejificha kwa ndani, sasa unatoka. Vikitoka vyote, mtoto kapona kabisa. Ukikatisha hapa ndipo unarudi ndani."
Maneno yake na ya yule dokta yamefanana. Haikatishwi. Nimeona akili ndani yake. Hamisa kaongeza kumpaka liwa na mafuta ya nazi ili vipele vitoke vizuri.

Jumapili, 13 Oktoba
Mvua ya kwanza. Kanga, korosho na kuku, vyote tumeviingiza ndani mbio. Wanawake wa ngoma walikuja kupanga siku ya kutoa mwali, mvua ikawafungia kwetu, wakacheka mpaka jioni. Hamisa alitoka ndani anajipepea.
"Mwali anajaa huyo! Mashavu! Wifi ukimwona hutamjua."
Bibi mmoja akanipiga pajani. "Hongera, mama mwali. Wengine wanatoka ndani wamekonda kama kuni, wako anajaa kama mwezi."
"Unamlisha nini?" mwingine kamuuliza Hamisa.
"Uji wa mchele na nazi. Tena siku hizi hata hamalizi, analamba tu. Lakini anajaa."
Wote wakasema mashallah. Na mimi nikasema. Baadaye nikawaza: hamalizi, halafu anajaa. Nikaona ni roho yangu ya woga, Mwishehe huisema kila siku.

15 Oktoba
Mvua. Nimepepeta mchele.

16 Oktoba
Hamisa anamsifia mwali wake kwa jirani. "Hana usumbufu. Wali wengine kila saa nataka chooni, nataka chooni, wanataka kuonekana. Huyu katulia. Jana hakwenda hata mara moja."
Nikasimama na ungo mkononi. Maua toka mdogo kibofu chake hakishiki mkojo. Shuleni walimwita Bomba.
"Hata haja ndogo?" nikauliza.
"Hata ndogo. Heshima hiyo, wifi."

17 Oktoba
Nimekaa kwenye ukuta wangu. Nikagonga kwa kidole, taratibu. Nikagonga tena. Kwa ndani sauti ikasema, "Mama." Mwali hasemi na mtu wa nje. "Mama, ngozi inawaka." Kisha nikasikia Hamisa, "Shh! Nani anaongea na ukuta?"
Nimempigia Mwishehe. Kasema, "Wewe unamjua Hamisa, anampenda yule mtoto kuliko macho yake." Ni kweli. Hapo ndipo pagumu. Angekuwa mtu mbaya ningemvaa siku ile ile.

Ijumaa, 18 Oktoba
Mvua imepumzika. Hamisa kaanika kanga za mwali. Nikazigusa kama mtu anayeangalia zimekauka. Zina maganda ya ngozi, meupe, mapana, yamegandia kwenye kitambaa hata baada ya kufuliwa. Nikamwonyesha.
"Liwa imekubali," kasema. "Ya juu inabanduka, ya chini inang'aa. Ndiyo tunayoitaka."
Alikuwa anafurahi kabisa. Kanishika bega. "Usijali wifi. Dawa hajakosa hata moja."
Sikula mchana wala jioni.

Jumamosi, 19 Oktoba
Ninaandika haya nikiwa hospitali, benchi la nje, nitaandika yote kama yalivyokuwa.
Asubuhi jua lilikuwa kali baada ya mvua. Mama mkwe anachambua kisamvu barazani. Hamisa kaenda kisimani. Niliosha mikono. Nikavua kandambili. Nikainua pazia nikaingia.
Kulikuwa giza na harufu ya liwa, na chini yake harufu nyingine. Nilimgusa kwanza kabla ya kumwona. Alikuwa wa moto kama sufuria. Nikatoa lile gunia na zile kanga dirishani.
Uso haukuwa wake. Macho yalikuwa mistari miwili. Masikio yamevimba yamesimama. Midomo imepasuka, ina vidonda mpaka ndani. Kifua na mikono, wekundu wote umeungana, na mgongoni ngozi imetoka kama ya kiazi kilichochemshwa. Miguu nilipobonyeza kidole, shimo lilibaki. Weupe wa macho, ule kidogo ulioonekana, ulikuwa wa njano.
Nikamwambia, "Maua." Akasema, "Nisamehe nimeongea." Alidhani nimekuja kumgombeza kwa ajili ya ukuta.
Nikamfunga kanga mbili laini nikamwinua. Mzito, na hakula. Mama mkwe alikuwa kashafika mlangoni, kasimama katikati, mikono kwenye miimo.
"Mama Maua, rudisha mtoto."
"Namtoa, mama."
"Mwali hatolewi mchana. Hatolewi bila ngoma, hatolewi na mamaye! Unataka asizae? Unataka watu wasemeje?"
"Waseme. Nisamehe mama, nipishe."
"Dawa inafanya kazi! Mashaka aliacha dawa..."
"Mashaka aliungua, mama. Na huyu anaungua. Mguse."
Hakumgusa. Lakini mkono mmoja ulishuka kwenye mwimo, na mimi nikapita hapo.
Hamisa alikuwa anaingia uani na ndoo kichwani. Alianza kupiga kelele, "Wifi una wazimu," kisha jua likampata Maua usoni, na Hamisa akaona. Kumbe mle ndani alikuwa anamwona kwa tochi ya simu na mikono yake tu, asubuhi na jioni, kidogo kidogo kila siku, hakuwahi kumwona wote kwa pamoja. Ndoo ikamponyoka. Akasema, "Huyu nani?"
Nikasema, "Mwali wako."
Sikusema kwa wema.
Tulipata bajaji. Hamisa kapanda bila kuitwa, miguu imelowa, Maua katikati yetu. Njia ina matope, dereva anakwepa madimbwi, kila tukiruka Maua anaguna. Nyuma nilimwona mama mkwe kasimama uani kashika bakuli la kisamvu.
Hospitali dokta wa zamu, mwanamke, wanamwita Dokta Shamsia, kamtazama mara moja tu akaita watu. Wakati wanamlaza kauliza, "Anatumia dawa yoyote?"
Hamisa akaitoa pakiti kwenye mkunjo wa kanga, akamwinulia juu kama cheti. "Ya kifafa, dokta. Hajakosa hata kimoja. Leo asubuhi pia nimempa."
Dokta akaisoma. Akaichukua mkononi mwa Hamisa, akaitia kwenye mfuko wa koti lake. Kasema, "Hii asiiguse tena. Maisha yake yote. Mnanisikia wote wawili?"
Hamisa alibaki kaunyoosha mkono.

20 Oktoba
Dokta Shamsia kanieleza. Nimemwomba arudie, karudia. Dawa si mbovu, inawasaidia wengi. Lakini kuna watu, mmoja mmoja, mwili unaichukia. Hauichukii siku ya kwanza. Inakaa, wiki zinapita, ndipo inalipuka. Homa, vipele, uso kuvimba. Ngozi ni ile tunayoiona. Ndani ini limevimba, na figo zimeumia, ndiyo maana hakojoi. Yale maji ndiyo yaliyomjaza.
"Kule alikopewa hamkuambiwa akitoka vipele mrudi?"
"Sikumbuki kuambiwa. Foleni ilikuwa ndefu."
Dokta kaandika.
Nikauliza, "Atapona?"
"Tunataka mkojo, mama. Mkojo ukija, tutaongea vizuri."

21 Oktoba
Wamemwekea mpira wa mkojo na mfuko pembeni ya kitanda. Mfuko mtupu. Mwishehe kaja na nguo zake za kazi, saruji kwenye nyusi. Kamtazama mwanawe akatoka nje.

22 Oktoba
Mfuko mtupu. Vijiko viwili, labda.

23 Oktoba
Wameamua wamsafishe damu kwa mashine. Mwishehe kasaini. Wakampeleka hospitali nyingine kubwa kwa gari la wagonjwa, mimi nyuma nimemshika mguu, maana ndiyo sehemu iliyokuwa na ngozi nzima. Hamisa alitaka kupanda. Nikamwambia hakuna nafasi. Nafasi ilikuwepo.

25 Oktoba
Mashine mara ya pili. Damu inatoka, inazunguka, inarudi. Wamempa na dawa ya kutuliza huo mwili unaojipiga wenyewe. Manesi wanamgeuza kwa shuka, watu wanne, kama maandazi kwenye mafuta. Halii. Kanyauka midomo, hawezi kuifungua alie.

26 Oktoba
Hamisa yuko nje ya wodi. Amekuja na shuka safi, za pamba, kazipiga pasi mwenyewe. Kamwachia nesi. Hakuniita. Na mimi sikutoka.

28 Oktoba
Mfuko una mkojo. Rangi ya chai ya rangi. Unafika kwenye mstari wa kwanza. Nimemwita nesi. Kasema, "Mama, huo ni mkojo tu." Nikamwambia, "Ndiyo, njoo uuone."

30 Oktoba
Matokeo ya darasa la saba yametoka. Maua kafaulu. Mwishehe kaniambia kwa simu na mimi nikamwambia mwanangu sikioni. Kasema, "Sayansi nimepata ngapi?" Ni maneno yake ya kwanza marefu.

Jumamosi, 2 Novemba
Kaanguka. Kitandani, mbele yangu, kama zamani, na mpira ukachomoka. Hana dawa yoyote ya kifafa tangu ile itolewe. Dokta wa huku kasema alilitegemea. Sasa inabidi atafutiwe dawa nyingine.
Nikamwambia, "Asinywe kitu. Mimi nitamlinda."
Kaniuliza, "Utamlinda akiwa kisimani? Akiwa jikoni?"
Nikamkumbuka Mashaka, mtu ambaye sikumwona hata siku moja.

3 Novemba
Mama mkwe kaja. Kutoka Vihingo mpaka huku, na magoti yake yale. Nikamwamkia shikamoo, kaitikia chini. Alikaa karibu na kitanda akamshika Maua mkono, upande ulioanza kutoka ngozi mpya, ya waridi kama ya mtoto wa jana. Alikaa sana. Wakati wa kuondoka kaniambia, "Nilisimama mlangoni."
Nikasema, "Ulishusha mkono, mama."
"Nilichelewa kuushusha."
Sikumbishia. Nikamsindikiza mpaka getini nikambebea mfuko wake.

6 Novemba
Mvua mchana kutwa. Mkojo mzuri.

9 Novemba
Hamisa leo nilimkuta sehemu ya kufulia, anafua shuka za wodini, za Maua na za mwanamke wa kitanda cha pili asiye na ndugu. Vidole vimekunjamana kwa maji. Hakunyanyua uso.
"Wifi," nikasema.
"Nilikuwa nampenda."
"Najua. Nimekuona."
"Ningempa hata cha mia. Mngeniambia mpe, ningempa."
Nikachukua upande mmoja wa shuka tukakamua. Kuna hasira bado, ipo, lakini haina pa kukaa. Nikimweka yeye, inabidi nimweke na mama mkwe, na yule dokta wa foleni, na mimi niliyekaa kwenye ukuta nachambua mchicha. Watu wote wale walitaka mtoto apone.

14 Novemba
Wametutoa hospitali. Figo zinarudi, hazijafika. Kila wiki apimwe damu. Chumvi kidogo. Dawa za maumivu za dukani marufuku. Wamempa kadi nyekundu imeandikwa jina la dawa anayoikataa, aivae au aibebe kila aendako. Dawa mpya ya kifafa tumepewa, ya ukoo mwingine, dokta kasema, si ndugu ya ile. Tuianze kidogo kidogo. "Ukiona kipele kimoja, acha, njoo siku hiyo hiyo. Kimoja, mama."

15 Novemba
Nyumbani, Picha ya Ndege. Nimeiweka pakiti juu ya kabati. Sijaifungua.

16 Novemba
Sijaifungua. Nimemwambia Maua bado anapumzika.

Jumapili, 17 Novemba
Mwishehe kauliza. Nikasema kesho. Hamisa alikuwa amekuja na mihogo, nikamwambia, "Wewe una mkono wa dawa, mpe." Akarudi nyuma hatua nzima. "Siigusi, wifi. Nikatwe mkono." Tukawa watu wazima watatu tumesimama tunatazama kabati.
Maua akatoka chumbani, kichwa kimevaa kitambaa maana nywele zimepukutika. Akavuta kigoda, akapanda, akaitoa mwenyewe. Akanipa.
"Fungua Mama. Nimechoka kuanguka."
Nikaifungua. Kidonge cha kwanza kikanidondoka, nikatoa kingine. Akakimeza na maji. Hamisa akatoka nje, nikamsikia anafagia uwanja uliokwisha fagiwa.

18 Novemba
Asubuhi nimemwambia avue gauni asimame dirishani. Binti aliyewekwa ndani mama hamtazami mwili, hilo hata kwetu Mlandizi lipo. Alijikunyata. Nikaangalia kifua, kwapa, mgongo, nyuma ya masikio, ndani ya midomo. Ngozi mpya, madoa ya zamani. Hakuna kipele.

19 Novemba
Hakuna.

23 Novemba
Kipele kimoja shingoni. Niliita bajaji kabla sijavaa vizuri. Dokta kaangalia kwa kioo, kasema mbu. Kanitazama mguuni, nilikuwa nimevaa kandambili mbili za kushoto. Kasema, "Ulifanya sawa." Maua kacheka njia nzima ya kurudi.

30 Novemba
Damu imepimwa, figo zimepanda kidogo. Hajaanguka. Mama mkwe anauliza kwenye simu lini watamalizia ngoma. Nimesema akinenepa. Kisha nikajisikia vibaya kwa neno hilo, nikasema akipata nguvu.

Jumatano, 4 Desemba
Leo nimeamka nimechelewa, nikamkuta Maua keshakunywa dawa. Nikafungua dirisha nikamwambia avue.
"Mama, jana si umeniangalia?"
"Jana ni jana. Geuka."
Akageuka, akanyanyua mikono mwenyewe.